Kompyuta Isiyo na Skrini

Mimi sioni tangu utotoni, na jambo hilo halijawahi kunisumbua kiasi ambacho watu wangependa linisumbue. Nilisoma shule ya wasioona kule magharibi, nikafundisha watoto breli Kajiado mpaka nikaambiwa mvi zimenijaa, na nilikuwa nimeolewa ningali msichana na mtu wa Loitokitok anayesafirisha vitunguu kwa pikapu. Nimepika, nimelea, nimegombana na majirani wa Kitengela juu ya maji kama mtu mwingine yeyote. Kilichonitisha kilikuja baadaye, masikio yalipoanza kuniacha.

Kwanza ziliondoka sauti nyembamba. Ndege wakanyamaza, kisha kengele ya shule, kisha watoto wenyewe. Mtoto alinisomea ukurasa wake nami nikasikia tu kama mtu anayepuliza uji wa moto. Niliacha kazi kabla sijaambiwa niache. Hospitalini daktari alimweleza mume wangu, naye akanirudishia habari tukiwa bado kwenye korido, kwa sauti ya kuitia ng'ombe, kwamba masikio yataendelea kupungua na hakuna ajuaye yatasimama wapi. Watu wote wa foleni ile walipata habari zangu pamoja nami.

Asiyeona huishi kwa masikio. Simu yangu hunisomea ujumbe kwa sauti, na kompyuta yangu ya mapajani hunisomea vitabu na magazeti kwa sauti. Sauti ikikatika ningebaki na vidole, na vitabu vya breli vya karatasi ni adimu na vizito, wala havileti habari ya leo asubuhi. Nilikuwa naelekea kufungiwa ndani ya nafsi yangu, na niliogopa. Sikuwa nimewahi kuogopa namna ile.

Tena kulikuwa na jambo la mume wangu. Yeye ni mtu wa sauti ya chini. Nilipokuwa msichana, kilichonifanya nimkubali ni kwamba alizungumza nami kana kwamba chumbani hamna mtu mwingine. Sasa ilibidi apaaze sauti kwenye sikio langu la kushoto, na nyumba za mtaa wetu zimegusana kuta. Alichoniambia mimi alimwambia na jirani. Basi akaanza kuniambia machache: chai iko tayari, dawa hii hapa, kuna mgeni mlangoni. Mengine aliyameza. Nilijua anayameza kwa sababu alikuwa anakuja kukaa kando yangu, bega kwa bega, anavuta pumzi ya mtu anayetaka kuanza, kisha anaondoka.

Ndipo rafiki yangu wa tangu shuleni, asiyeona kama mimi, aliponitumia kifurushi kwa basi la kutoka magharibi. Yeye masikio yake ni mazima na alikuwa amechoka kukifuta vumbi. Ndani mlikuwa na kifaa cha breli, kisanduku kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, chenye mstari mmoja wa vishimo vidogo. Ukikiunganisha na kompyuta, vijipini huinuka katika vishimo hivyo vikawa nukta, nukta zikawa herufi, na lolote lililo kwenye kompyuta likasomeka kwa kidole. Ukimaliza mstari unabonyeza, nukta zinazama, unainuka mstari mwingine. Kifaa kipya cha aina hiyo huuzwa bei ambayo sitaitaja, maana mume wangu alipoisikia alicheka, na hakuwa na furaha.

Hiki kilikuwa cha zamani sana. Waliokitengeneza walikuwa wamefunga kiwanda, na kompyuta za kawaida zilikuwa zimekisahau kabisa. Rafiki yangu aliniambia kwa ujumbe kwamba kama kuna mahali bado kinajulikana, basi ni kwenye Linux, ule mfumo wa kuendeshea kompyuta unaotolewa bure.

Kompyuta yangu ya mapajani ilikuwa inatumia Linux siku nyingi, kwa kuwa ni ya bure na haikunifukuza kila nilipokataa kununua mashine mpya. Nikaweka spika sikioni, nikapandisha sauti hadi mwisho, nikatafuta programu inayoendesha vifaa vya breli. Nikaikuta, na pamoja nayo majina ya vifaa inavyovijua. Yalikuwa mengi ajabu. Mengine ni ya viwanda vilivyokufa zamani, vifaa ambavyo labda vimebaki viwili au vitatu duniani, kimoja kwenye kabati la shule na kimoja chini ya kitanda cha mtu. Na hapo katikati, bila kelele, jina la kifaa changu.

Niliirudia sehemu ile mara kadhaa kwa hofu kwamba masikio yamenidanganya. Kisha nikasoma kuhusu walioiandika na nikazidi kushangaa, kwa sababu wengine wao hawaoni. Watu wasioona, katika nchi ambazo sitafika, walikaa wakaifundisha kompyuta kuzungumza na vidole, tena tangu inapowaka, kabla hata haijachora picha yoyote kwenye skrini. Kisha hawakuondoa jina la kifaa kilichokufa, kwa kuwa hawakujua ni nani bado anacho. Mimi nilikuwa nacho. Nilikaa pale na mikono mapajani kama mtu aliyesalimiwa kwa jina lake katika mji wa kigeni.

Tatizo lilikuwa waya. Kifaa hiki hakichomeki kwenye matundu ya siku hizi. Kinataka poti ya zamani yenye pini tisa, na mashine za mapajani ziliiacha poti hiyo zamani. Nikanunua kibadilishi cha bei ya chini, upande mmoja cha zamani, upande mwingine cha kisasa. Nukta hazikuinuka. Nikajaribu tena na tena, nikiweka kidole kwenye vishimo na kuvikuta bapa kama sahani. Sikujua kama kilichokufa ni kifaa, au kibadilishi, au ni tumaini langu tu. Siku zile sikuwa mtu wa kukaa naye. Nilimfokea mume wangu kwa sababu ya chumvi, na chumvi ilikuwa sawa.

Yeye ndiye aliyenishika mkono akaniambia sikioni, "Mama, tutafute kompyuta yenye hiyo poti yenyewe. Haiwezi kukosa." Alikuwa amerudi kutoka Kimana na pikapu bado ilinuka vitunguu. Hakuoga hata. Tulienda.

Duka tuliloliingia liko barabara ya Namanga, la mama mmoja anayeuza kompyuta zilizotoka maofisini. Alimpokea mume wangu kwa ukarimu wote, mimi akanikalisha kwenye kiti cha plastiki.

"Mzee, mama anataka ya kufanyia nini?"

"Muulize mwenyewe," mume wangu akasema. "Lakini kwa nguvu."

Mama yule akainama kwangu. "Mum, niko na hii hapa, ni slim kabisa. Hata ukiweka kwa sitting room inapendeza."

"Inampendeza nani?" nikamuuliza.

Nikahisi mkono wake begani kwangu, unatikisika. Alikuwa anacheka. Tangu hapo alizungumza na mimi.

Wenye kuchagua kompyuta kwa ajili ya Linux huwa na hofu zao, na nimezisoma. Wanaogopa kadi ya picha itawakatalia, wanaogopa kadi ya waifai haitajulikana, wanaulizana kuhusu rangi na mwangaza. Mimi picha hazinihusu, na intaneti ningeivuta kwa waya. Nilitaka vitu viwili. Cha kwanza ni zile pini tisa. Cha pili ni spika ndogo iliyofungwa ndani ya boksi lenyewe, kwa sababu Linux niliyoitayarisha kwenye flashi ikishakuwa tayari kupokea amri hulia mara moja, na mlio huo ndio pekee unaomwambia asiyeona kwamba wakati wa kuandika umefika.

Nikamwomba anipe migongo ya kompyuta zake. Alishangaa, lakini alizigeuza moja moja na kuniletea, naye mume wangu akanishikia. Upande wa nyuma wa kompyuta una mambo mengi kwa mtu mwenye vidole. Hapa ni pa waya wa stima. Hapa ni pa kipanya. Hapa kuna umbo pana lenye skrubu mbili pembeni, roho inaruka, kisha ndani unakuta vitundu. Hiyo ni ya skrini, pita. Nyingine ilikuwa na mahali penyewe, lakini pamezibwa kwa kipande cha bati kama mlango wa nyumba iliyohamwa. Ile nyembamba yake ya kupendeza haikuwa na lolote.

"Zimeisha?" nikauliza.

"Iko moja chini ya meza, lakini hiyo ni ya kitambo. Nilikuwa nataka kuiuza scrap."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikateremka kwenye kiti, nikapiga magoti kwenye vumbi lake, nikaingiza mkono chini ya meza. Boksi lilikuwa kubwa na zito, limelala kifudifudi. Nikapapasa mgongo wake. Skrubu mbili, umbo pana, na ndani, badala ya vitundu, pini. Nilizigusa kwa ncha ya kucha, tano juu, nne chini, zote zimesimama wima, hamna hata moja iliyopinda. Nilitaka kulia mbele ya mwenye duka na nikajizuia kwa shida.

Wakaiwasha. Mimi sikusikia kitu, lakini mume wangu alinigusa bega. "Imelia," akasema.

"Sasa nikupe skrini gani?" mama akauliza.

"Sitaki skrini."

"Kompyuta bila skrini, mum? Utajuaje imewaka?"

Nikamwambia nitajua. Alimgeukia mume wangu kutafuta msaada na hakupata. Kibodi alinipa bure, na alipokuwa anatufungia boksi kwa kamba akasema kumbe ya kale ni dhahabu, kana kwamba si yeye aliyetaka kuiuza chuma kuukuu.

Nyumbani tuliweka kila kitu kwenye meza ya chakula. Boksi, kibodi, kifaa cha breli, waya wake wa asili uliofungwa kwa uzi na rafiki yangu, na ile flashi ya Linux. Nikamweleza mume wangu kazi yake. Mlio wa kompyuta ni mwembamba, masikio yangu hayaufikii, kwa hiyo yeye ndiye sikio. Ikilia tu anigonge begani, nami nitaandika maneno ya kuiambia kompyuta kwamba kuna kifaa cha breli, cha aina gani, na kimechomekwa wapi. Kifaa cha zamani kompyuta haikitambui yenyewe, lazima ukitambulishe. Mume wangu aliyachukulia maagizo haya kwa uzito. Alisogeza kiti, akaweka mkono hewani juu ya bega langu, nikahisi joto lake kabla haujagusa.

Akanigonga. Nikaandika herufi zangu polepole, kwa kuwa hakuna mtu wa kunisahihisha, yeye hana skrini ya kuona na mimi sina sauti ya kusikia. Nikabonyeza. Nikaweka mikono juu ya vishimo na kungoja.

Vilikuwa bapa. Kisha, chini ya kidole changu cha shahada cha kushoto, kitu kikagusa kwa chini. Mstari wote ukainuka kwa mpigo mmoja, nukta ngumu, safi, kali kama breli mpya ya shuleni, na nikasoma jina la programu ile ya watu wasioona. Jina tu na namba ya toleo lake. Sijawahi kusoma maneno makuu kama yale. Nilibonyeza, mstari ukazama, mwingine ukaja, ukiniuliza nataka lugha gani. Nililisoma swali hilo kwa sauti, na nikalirudia, na mume wangu akasema kitu ambacho sikukisikia, nikahisi tu meza inatetemeka kwa sababu alikuwa ameiegemea.

Mpaka leo siwezi kueleza vizuri mshangao ule. Mtu alikaa mahali fulani akafikiri, bila kunijua, kwamba siku moja kutakuwa na mwanamke asiyeona na asiyesikia vizuri, ana mashine iliyokuwa inaenda kuuzwa chuma kuukuu na kifaa ambacho kiwanda chake kimekufa, na kwamba mwanamke huyo asiachwe nje. Akamwekea mlango. Nikaushika na ukafunguka.

Nikajibu maswali yote, kompyuta ikaanza kujipakia Linux. Kazi hiyo huchukua muda, na unachoweza kufanya ni kungoja. Nikaenda jikoni kukanda unga.

Niliporudi nikiwa na unga hadi kwenye viwiko nikanawa, nikaweka vidole, vikakuta vishimo bapa. Nikabonyeza. Bapa. Nikashika mgongo wa boksi, hapakuwa na hewa ya moto inayopuliza. Nilifikiri kifaa kimekufa, kwamba kilikuwa na pumzi moja tu ya mwisho na nimeshaisoma.

"Mzee," nikaita, na najua niliita kwa sauti kubwa mno, "kimekufa."

Akaja akainama sikioni. "Hakijakufa. Nimezima."

"Umezima nini?"

"Hiyo kompyuta. Ilikuwa imelala tu, haifanyi kitu. Na tokeni za stima zinaisha."

Mtu huyu ameendesha gari maisha yake yote, lakini kwake kompyuta ambayo haionyeshi kitu haifanyi kitu. Hakukuwa na skrini, kwa hiyo hakukuwa na kazi. Akaenda ukutani akazima, akatuokolea umeme tuliokwisha kuulipia. Nilimfokea kwa yote, kwa stima, kwa hospitali, kwa chumvi ile ya siku zile, na yeye ilibidi ajibu kwa kelele ili nimsikie, na jirani wa ukutani alipata kila neno. Nikasikia aibu kwa ajili yake, kwa kuwa alikuwa ametaka tu kunisaidia, na hata msamaha hakuweza kuniomba kwa siri.

Tukaanza upya. Akakaa pale, mkono juu ya bega langu, akanigonga, nikaandika, nukta zikainuka. Safari hii hakutoka mezani. Aliilinda kompyuta kama mtu anayelinda ndama, na chai aliinywea hapo hapo, na mchana wote hakusogea mtu.

Ilipomaliza na kujizima na kuwaka yenyewe, nikasoma mstari unaoniambia karibu. Nikamwambia, "Andika kitu."

"Mimi?"

"Wewe. Andika chochote, mimi nitasoma."

Akavuta kibodi. Alitafuta herufi moja moja, na mimi nilizipata moja moja, t, a, k, w. Takwenya. Ndiyo salamu ambayo watu wa kwao humpa mwanamke, na ndiyo aliyonisalimia nayo mara ya kwanza. "Iko," nikamjibu kwa mdomo. Akabonyeza kitufe kikubwa, na kompyuta ikatujibu kwa Kiingereza kwamba haijui amri inayoitwa takwenya. Nilipomsomea jibu hilo aliangua kicheko, nikakihisi kwenye meza.

Nikamfungulia ukurasa mtupu wa kuandikia, usiojibu mtu. Akaniandikia kwamba vitunguu vya Kimana mwaka huu ni vidogo. Akaandika kwamba jirani amesimama dirishani kwake anatutazama. Haya yote, bila kelele, nikiwa nimekaa bega kwa bega naye. Nilicheka mwenyewe, nikiwaza jirani anaona watu wawili wakicheka mbele ya boksi na hakuna aliyesema neno.

Kisha akaacha kuandika. Nilingoja. Nilidhani ameinuka, lakini bega lake lilikuwa bado linagusa langu. Akavuta ile pumzi yake.

Herufi zikaanza kuja, kwa taratibu, na nyingine zikafutwa zikarudi. Nilikuwa naogopa, aliandika. Tangu hospitali. Sikujua nitakuambia aje bila kupiga kelele.

Nilisoma mstari ule, nikaurudia tangu mwanzo. Haukwenda popote, ulibaki pale chini ya mikono yangu mpaka nilipotosheka nao. Nikataka kumwandikia jibu, nikakumbuka hana mahali pa kulisomea. Basi nikamwinamia sikioni. Siku hizi siijui sauti yangu ni kubwa kiasi gani, kwa hiyo nilisema kwa pumzi tu, nikitumaini ni kwa chini. "Hata mimi."

Kibodi ikatikisika kidogo juu ya meza. Herufi zikainuka chini ya kidole changu, moja baada ya nyingine: nimesikia.